Nusu ya Kurudi

Musoma haijawahi kupata treni, na mtu akikuambia babu yake aliipanda pale, mwache amalize chai yake aende zake. Stesheni, hiyo ilikuwapo. Ilijengwa kwa mawe karibu na maji, ikapakwa chokaa, ikawekewa dirisha la tiketi lenye nondo, jukwaa refu la saruji, benchi mbili, na ubao mweusi wenye jina la mji kwa herufi kubwa nyeupe. Kitu pekee kilichokosekana ni reli. Pale ambapo stesheni za wenzetu zina mataruma na kokoto, sisi tulikuwa na ziwa.

Ilikuwa hivi. Meli ya Kisumu ilikuwa mali ya watu wa reli, na tiketi yao ilikatwa kwa kanuni za reli. Sasa akatokea Mwingereza mmoja mwenye uso mwekundu, akajenga hoteli ya vyumba kumi na viwili juu ya mwamba, akaapa kwamba wazungu wa Nairobi watakuja Musoma kupunga upepo na kuogelea. Aliwasumbua wakubwa mpaka wakamjengea stesheni ya kupokelea wageni wake, reli yenyewe ingefuata baadaye. Wakajenga, kama mtu anayenunua tandiko kabla ya punda. Wageni walikuja miaka michache na miavuli yao, wakaogopa mamba, wakalalamikia mbu, wakaacha kuja. Reli pekee iliyowahi kufika ni kipande cha futi mbili kilichoning'inizwa mlangoni kiwe kengele.

Nyuma ya zile nondo aliketi Alawi bin Hamduni, mtoto wa fundi cherehani wa Bunda. Alianza kazi siku stesheni ilipofunguliwa, mwaka wa thelathini na tano, na ndiye aliyeifunga mwaka wa hamsini na moja. Aliipenda ile nyumba kuliko inavyofaa mtu kupenda nyumba ya serikali. Alijua kanuni zote kwa moyo, na usidhani hilo ni jambo dogo, kwa sababu kisa hiki chote kimesimama juu ya kanuni moja ambayo Alawi aliijua na watu wengine hawakuijua.

Mwezi wa Januari, mwaka wa thelathini na nane, siku ya Alhamisi, ambayo ndiyo ilikuwa siku ya meli, alikuja dirishani seremala wa Etaro aitwaye Florian. Alikuwa amepata kazi ya miezi mitatu kwenye kiwanda cha mbao huko nyuma ya Kisumu, arudi aezeke nyumba kwa bati. Akakata tiketi ya kwenda na kurudi. Tiketi hiyo ilikuwa kadi moja iliyotobolewa vitundu katikati: nusu ya kwenda, nusu ya kurudi.

Florian alikwenda nayo jukwaani alikosimama mkewe, Hyasinta, aliyekuwa na mimba ya miezi mitano. Hapo Alawi akamwona akiikata kadi ile vipande viwili penye vitundu. Nusu moja akaitia mfukoni. Nyingine akampa mkewe.

Kwao kina Florian, mtu akienda safari ndefu humwachia mkewe kitu ambacho hawezi kukaa bila hicho. Mmoja huacha kiko, mwingine huacha ndara moja ya mguu wa kulia. Kile kitu humwita kutoka nyumbani mpaka arudi. Na Florian, kwa akili yake, aliona hakuna kitu chenye nguvu ya kumrudisha mtu kuliko nusu ya kurudi.

"Shika," alimwambia. "Hii ndiyo inanirudisha. Usiipoteze."

Hyasinta aliipokea kwa mikono miwili, akaifunga kwenye pindo la khanga.

Alawi alifungua kinywa. Alijua kwamba bila nusu ile Florian hatapanda meli kule Kisumu. Ilikuwa neno moja tu la kusema, na jukwaa lenyewe hatua kumi. Lakini foleni ilikuwa inamsukuma, na Werema, mpagazi wa stesheni, alikuwa ameshapiga kengele, na tena, tuseme ukweli, Alawi aliuona uso wa yule mwanamke alivyoipokea kadi, akasahau alichotaka kusema. Hakuwahi kupokewa kitu na mtu namna ile. Alipojikusanya, meli ilikuwa imeng'oa nanga. Akajituliza kwamba kanuni ina dawa yake: karani wa Kisumu ataandika barua kuuliza namba ya tiketi, Musoma itajibu, msafiri atapanda, mambo yataisha.

Alhamisi iliyofuata Hyasinta akaja stesheni na kikapu cha samaki wa kukaushwa. Akaupitisha mkono kati ya nondo.

"Karani, shikamoo. Hii bado nzima?"

Alawi akaishika ile nusu, akaigeuza huku na huku kama daktari.

"Marahaba. Nzima, dada."

Ikawa desturi. Alitoka Etaro alfajiri kwa miguu, akauza samaki wake sokoni, akaja kukaa benchi hadi abiria wa mwisho ashuke. Akiondoka humpa Alawi habari za kwao: kiboko ameingia kwenye mtama wa fulani, padri wa Nyegina ameugua meno, mama mkwe hataki kula samaki wa furu tena. Alawi akaanza kupiga pasi koti siku ya Jumatano.

"Karani, leo hata masharubu yamepigwa pasi," Werema alimchokoza. Alikuwa Mkurya, mrefu, hana dogo. "Meli yenyewe haijui kama inasubiriwa hivi."

"Funga mdomo, chukua mizigo."

"Mzigo ninaouona mimi, sina mabega ya kuubeba."

Alawi alicheka, lakini maneno hayo yalimchoma. Hakuwa na nia mbaya na mke wa mtu. Alichotaka ni ile nusu saa ya benchi, basi, na kwa siku sita zilizobaki aliishi akiikumbuka na kuingoja.

Mwezi wa Aprili barua ikaja ndani ya mfuko wa meli. Karani wa Kisumu aliandika kwa Kiingereza cha ofisini kwamba yupo msafiri Florian, mguu umevunjwa na gogo, hana kitu mkononi, hawezi kutembea, anadai nusu yake ya kurudi iko kwa mkewe Musoma. Stesheni iliyouza tiketi ithibitishe namba, au mke aambiwe ailete.

Hyasinta alikuwa benchini, hatua nne kutoka dirishani, tumbo limeshakuwa kubwa. Alikuwa anajipepea kwa pindo la khanga, lile lile lenye tiketi.

Alawi aliikunja barua. Alijiambia atajibu wiki ijayo, akishatazama daftari vizuri. Ni uongo gani huo! Namba ile aliijua usingizini. Ukweli ni kwamba Florian akirudi, benchi litakuwa tupu, na Alawi hakuwa tayari. Alitaka Alhamisi moja zaidi. Meli iliyofuata ikaleta barua ya pili, fupi kuliko ya kwanza. Akaiweka chini ya kidau cha wino. Ikaja ya tatu. Meli ya nne ndipo aibu ilipomshinda, akaandika namba, akatia sahihi, akatuma. Jibu la Kisumu lilikuwa mstari mmoja: msafiri hayupo tena, shauri limefungwa.

Mwezi wa Mei Hyasinta akajifungua binti, akaitwa Ursula. Mwezi wa Juni akaja dirishani na mtoto mgongoni.

"Karani, hii bado nzima?"

Kwa kanuni, nusu ile ilikuwa imekufa tangu Aprili. Miezi mitatu ikipita, ni kipande cha karatasi ngumu.

"Nzima, mama Ursula," alisema Alawi.

Na baada ya uongo huo, ule mwingine ukawa rahisi, na mwingine, mpaka hakukuwa na njia ya kurudi nyuma. Alijaribu kuoa. Alioa Bunda, binti wa watu, ndoa ikaishi miezi saba. Mke alirudi kwao akasema hawezi kukaa na mtu ambaye kila Alhamisi hayupo, hata akiwa mezani anakula.

Vita vikaja, hoteli ya mwambani ikafungwa, popo wakahamia. Mwaka wa arobaini na nne mjumbe wa boma alipeleka karatasi Etaro: Florian, seremala wa jeshi, amefia Burma. Kumbe mguu ulipona, akajiandikisha, akapelekwa huko.

Hapo ndipo lilipoanza jambo gumu. Baba yake, Mzee Bernado, alikataa kuweka matanga. Alisema mwanawe alikwenda miezi mitatu akakaa miaka sita bila salamu, amemtupa mama, mke na mtoto ambaye hakumjua. Mtu aliyetupa nyumba haliliwi ndani ya nyumba hiyo. Hakuna aliyewasha moto uani, hakuna aliyelala nje, Hyasinta hakunyolewa nywele. Akabaki hivyo, si mke wa mtu, si mjane. Hakuweza kurudi kwao wala kuolewa, na kila akienda kisimani alisikia jinsi mumewe alivyopata mwanamke wa Kisumu.

Alhamisi aliendelea kuja. Watu wa mjini walisema amerukwa na akili, anangoja maiti ishuke kwenye meli. Alawi naye aliogopa hivyo, akamwuliza.

"Mimi si mwendawazimu, karani," Hyasinta alimjibu. "Najua amekufa. Nawangoja waliokuwaga huko Kisumu. Nataka mtu mmoja tu, aje aniambie Florian alikuwa anataka kurudi. Baba mkwe akisikia hilo kwa masikio yake, ataweka matanga. Mmoja tu atatosha."

Alawi akainamia daftari. Mtu huyo mmoja alikuwa amekaa mbele yake, kavaa koti lililopigwa pasi, na barua tatu zilikuwa sandukuni chini ya miguu yake. Alisema Mungu atamleta, mama Ursula. Hyasinta akamshukuru, akaenda kuwakabili abiria: "Samahani baba, ulikuwaga Kisumu? Hukumjua seremala wa Etaro?" Miaka saba aliwauliza, na miaka saba Alawi alisikiliza kupitia nondo. Sitaki kumtetea. Aliogopa kufukuzwa kazi, aliogopa aibu, lakini zaidi ya vyote aliogopa kwamba akishapata jibu lake hatakuja tena.

Mabasi ndiyo yaliyoiua stesheni. Barabara ya Mwanza ilipotengenezwa, watu waliona ni afadhali kubanwa kupitia Bunda kuliko kungoja meli wiki nzima, na wa Nyamuswa na Butiama wakasahau kabisa kwamba kuna dirisha la tiketi ziwani. Mwaka wa hamsini na moja ikaja amri: jengo litakuwa ghala la pamba, karatasi za zamani zichomwe, Alhamisi ya mwisho wa mwezi ndiyo ya mwisho.

Siku hiyo walishuka abiria wanne. Hyasinta aliwauliza wote wanne. Kisha akarudi benchini, akakaa kama mtu aliyefika mwisho wa shamba na jembe bado analo mkononi.

Nyuma ya jengo Werema alikuwa anachoma karatasi kwenye pipa. Alawi alitoka na sanduku, akazitoa barua tatu, akasita. Zile barua zikiungua, hakuna binadamu atakayejua. Werema alinyoosha mkono azipokee.

"Hizi bado," alisema Alawi.

Alizunguka, akapita mlangoni, akaenda kukaa benchini kando ya Hyasinta. Miaka kumi na mitatu hakuwahi kukaa pale. Siku zote yeye alikuwa ndani, Hyasinta yuko nje.

"Mama Ursula, Florian alifika Kisumu," alisema. "Aprili ile ile, kabla mtoto hajazaliwa. Alivunjika mguu, alitaka kupanda meli, wakamzuia kwa sababu nusu ya kurudi ilikuwa kwako. Waliniandikia mimi. Mara tatu. Sikujibu."

Hyasinta hakugeuka.

"Alifika bandarini?"

"Alifika."

"Alitaka kurudi?"

"Alitaka. Alilala pale bandarini wiki tatu akingoja jibu."

Hyasinta alifunika uso kwa khanga, na sauti iliyotoka ndani yake Alawi hakuijua kama ni kicheko au kilio. Ilikuwa vyote viwili. "Alitaka kurudi," alisema. "Florian wangu alitaka kurudi." Alirudia mara nyingi. Kisha ghafla akaishusha khanga.

"Walimwambia kwamba wameandika?"

"Ndiyo."

"Kwamba mke aambiwe alete tiketi?"

"Ndiyo."

"Na hakuna aliyeleta." Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Basi Florian amekufa akijua mimi nilimkatalia."

Alawi alitamani angalau apigwe. Hyasinta alisimama, akachukua kikapu.

"Kesho asubuhi utakuja Etaro na hizo barua. Utamwambia baba kwa mdomo wako."

Alawi alikwenda. Alipofika, Hyasinta alikuwa akimngoja mwanzo wa kijiji, akatangulia bila salamu. Mzee Bernado alikuwa uani anasuka mgono wa kuvulia. Alikuwa amezeeka, macho yana ukungu, lakini vidole vilikuwa bado vinajua kazi. Alisikiliza huku anasuka. Alipoambiwa kuna barua, akaweka mgono chini.

"Soma."

Alawi alisoma, akitafsiri neno kwa neno.

"Hiyo ya pili. Soma tena."

"Msafiri bado yupo hapa. Analala sakafuni bandarini. Anauliza kila siku kama mkewe ameleta tiketi."

"Kila siku," alisema mzee. "Sema kwa nguvu, mama yake asikie ndani."

Alawi akasema kwa nguvu. Mzee akamwambia aseme tena, majirani wasikie, na Alawi akasimama katikati ya ua akapaza sauti kama Werema anavyotangaza meli: kwamba Florian alikuja hadi Kisumu na mguu uliovunjika, kwamba alitaka kurudi, na kwamba yeye, Alawi bin Hamduni, ndiye aliyemzuia. Ndani ya nyumba mwanamke mzee alipiga kelele moja ndefu. Mzee Bernado alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mwanangu alilala chini wiki tatu," alisema, "na mimi nimemnyima kilio miaka saba."

Wakawasha moto. Vijana walitumwa vijijini, na kufika adhuhuri ua ulijaa. Alawi alitaka kuondoka, mzee akamkataza: aliyeleta msiba hukaa nao. Akakaa, Mwislamu peke yake kati ya Wakristo wale, wakamletea ugali wake kwenye sahani yake, hawakumtukana. Wangemtukana ingekuwa nafuu. Walipolia alilia nao, na alimlilia Florian kweli, kisha akajikuta anajililia mwenyewe, akaona aibu akanyamaza.

Siku ya nne matanga yakaanuliwa. Hyasinta alinyolewa asubuhi nyuma ya nyumba, na Ursula, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alishika beseni la maji. Alawi alikuwa anafunga kamba za viatu alipomwona mjane anakuja. Kichwa kilikuwa kitupu, kinang'aa mafuta. Hakuwahi kukiona bila kitambaa. Alitazama chini, maana alihisi kwamba hata kutazama ni kuiba.

"Baba amekusamehe," alisema Hyasinta. "Ameniambia nikuambie."

"Na wewe?"

Hyasinta hakuwa na hasira usoni, alikuwa na uchovu tu.

"Kwa kuficha barua, nitakusamehe. Uliogopa, watu wanaogopaga. Lakini hapa nyumbani kila mtu alikuwaga ananisema, na mjini walikuwaga wananicheka. Ni wewe peke yako ulikuwaga unanijibu vizuri. 'Nzima, mama Ursula.' Basi natembea mpaka Etaro na moyo mwepesi, nasema yupo mtu mmoja mjini ananihurumia. Wiki nzima nilikuwaga naingoja Alhamisi." Alijifunga mtandio kiunoni. "Hilo ndilo siwezi kukusamehe."

Akarudi kwa wanawake waliokuwa wanaosha vyungu. Alawi akabaki amesimama na kiatu kimoja hakijafungwa. Miaka yote ile alidhani anayengoja Alhamisi ni yeye peke yake.